Sogea Karibu: Kupiga Picha Chini ya Bahari kwa Kamera Ndogo

Sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna bahari. Tuna korosho, ufuta na mbaazi, na samaki wa maji chumvi hutufikia akiwa ameshakaangwa au kukaushwa. Hata hivyo, mito yetu Lukuledi na Mbwemkuru inaishia Bahari ya Hindi, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake. Bahari ni yetu pia, ila wengi wetu hatujawahi kuiona kwa ndani.

Mimi naishi kwa picha: harusi, mahafali, pasipoti. Wakulima wakishalipwa korosho kazi huwa nyingi, na pesa ikipatikana napanda basi kupitia Nanganga na Mnazi Mmoja hadi Mikindani. Wakati huo kaskazi imeshaingia na maji ni maangavu. Nazamia kwa mtungi wa hewa, mkononi nina kamera ndogo ya mfukoni ndani ya kasha lake lisiloingiza maji. Watu hudhani kazi hii inataka mitambo ya mamilioni. Inachotaka kwanza ni kusogea karibu.

Sababu ni kwamba maji hula mwanga, na rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Huwa nafunga kitambaa chekundu kwenye kiwiko cha mkono. Juu ya mashua kinawaka. Kwenye mita 5 kimeshafifia, na kwenye mita 12 kimekuwa cha kijivu kilichokolea. Nikikimulika kwa tochi kutoka karibu, wekundu unarudi palepale. Kitambaa ni kilekile. Jua lililofika pale ndilo limepungukiwa na rangi.

Umbali wa mbele nao unahesabika. Samaki akiwa mita 2 kutoka kwako, mwanga wa fleshi husafiri mita 4, kwenda na kurudi. Njiani hukutana na chembe za mchanga na vijidudu vinavyoelea, ukaziangaza, na picha ikajaa madoa meupe. Kwa hiyo piga kutoka mita 1 au chini yake, na kwa viumbe wadogo shuka hadi sentimita 30. Usitegemee zumu, maana haiyaondoi maji yaliyo katikati. Pia kumbuka kwamba ukivaa miwani ya kuzamia, vitu huonekana karibu zaidi kwa kiasi cha robo. Ukidhani umefika, ongeza kidogo.

Hapo ndipo kamera ndogo inapong'ara, kwa sababu nyingi zinaweza kulenga kitu kilicho sentimita chache mbele ya lenzi. Olympus TG-6 ya mwaka 2019, kwa mfano, inavumilia mita 15 bila kasha, na kasha lake linafika mita 45. Mzamiaji mwenye cheti cha kwanza mwisho wake ni mita 18, kwa hiyo kasha hilo linamtosha kabisa. Tumia mpangilio wa chini ya maji, au uipimie kamera rangi nyeupe upya kila unapobadili kina.

Usalama wa kamera uko kwenye oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha. Kwenye mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na unywele mmoja unatosha kupitisha maji. Mimi hufunga kasha usiku, feni ikiwa imezimwa. Napitisha ncha ya kidole juu ya oringi yote nikitafuta mchanga, napaka grisi ya silikoni kidogo tu mpaka ing'ae, kisha nalizamisha kasha tupu kwenye ndoo na kuangalia kama linatoa mapovu. Nikitoka baharini, nalilowesha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua.

Kuna jambo kubwa kuliko picha. Tazama geji ya hewa kila baada ya picha chache, na usizuie pumzi kamwe ili kamera itulie. Usishike matumbawe wala kuyakanyaga, kwani ni wanyama hai. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe mengi ya pwani yetu, na mabomu ya wavuvi haramu yamevunja mengine. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ipo ili yaliyobaki yapone.

Picha hizi zina kazi huku bara. Shamba likilimwa mpaka ukingoni mwa mto, udongo husombwa na mvua hadi baharini, ukayanyima matumbawe mwanga. Mwanafunzi wa Ruangwa anayemwona pichani samaki aitwaye mkunga akichungulia pangoni mwake ataelewa kwa nini mwalimu anamwambia aache miti kando ya Mbwemkuru. Kwa hiyo nawaomba walimu wa sayansi mzitumie darasani. Na wewe unayetaka kuzipiga, jifunze kwanza kuzamia vizuri na kuelea bila kugusa chini. Kamera ifuate baadaye.