Barabara Ipo, Nani Atanunua Basi la Pili?

Mwenye duka Kariakoo ambaye msaidizi wake amekwama kituoni Kimara haulizi barabara ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa na nani. Anauliza basi liko wapi. Swali hilo linamhusu pia mwekezaji mdogo, kwa sababu jibu lake limo katika mahesabu.

Itakumbukwa kuwa awamu ya kwanza ya mradi huo, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Barabara na vituo vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mdaiwa ni Serikali. Mabasi aliachiwa mwendeshaji, ayatafutie mtaji na kuurudisha kwa nauli. Mpango ulitaka mabasi 305. Yalianza 140, na baadhi yaliharibiwa na mafuriko katika karakana ya Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi.

Mwendeshaji alikuwa ameomba nauli inayozidi Sh. 1,000. Serikali ilikataa, ikapangwa Sh. 650 kwa njia kuu na Sh. 200 kwa mwanafunzi. Abiria alishukuru, na haki yake. Lakini tupige hesabu.

Tuchukue, kwa mfano tu, basi la dola 100,000 litakalodumu miaka kumi na kufanya kazi siku 300 kwa mwaka. Mei 2016 dola moja ilikuwa karibu Sh. 2,190, kwa hiyo basi hilo ni Sh. milioni 219. Ili kuweka akiba ya kununua jingine litakapochakaa, zinatakiwa Sh. 73,000 kila siku, yaani nauli za abiria 113. Hapo hatujagusa mafuta, matairi, mshahara wa dereva wala riba ya benki. Katikati ya mwaka 2024 dola ilipita Sh. 2,600. Basi lile lile likawa zaidi ya Sh. milioni 260, na kwa nauli ile ile wangehitajika abiria wapatao 134. Nauli inalipwa kwa shilingi, basi linanunuliwa kwa dola.

Mwenye daladala anaujua mchezo huu. Tajiri anayekula hesabu yote ya jioni bila kutenga ya gari jipya, siku injini ikigoma anabaki na bodi juu ya mawe. Ndivyo ilivyolikuta Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974. Nauli ilibanwa, mabasi yakazeeka, vipuri vikahitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Mwaka 1983 Serikali ilikubali watu binafsi wabebe abiria, na daladala zikashika mji.

Funzo hilo halikufika Mbagala. Barabara ya awamu ya pili, iliyopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikamilika kabla ya mabasi kupatikana, na huduma ilianza mwaka 2025. Zege lilikuwa linangoja magurudumu.

Je, soko la mitaji la nyumbani linaweza kuziba pengo? Mifano ipo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, na ikapata zaidi ya Sh. bilioni 53 ilizozitaka. Mwishoni mwa mwaka huo Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya miundombinu, miaka mitano kwa asilimia 12, kiwango cha chini Sh. 500,000. Ililenga Sh. bilioni 150 ikavuna zaidi ya Sh. bilioni 320. Fedha, basi, zipo mifukoni mwa watu.

Ila mwekezaji asichanganye mambo. Aliyenunua ya CRDB anaidai benki. Barabara ikijengwa vizuri au vibaya, mlipaji ni yule yule. Aliyenunua ya Tanga anategemea bili za maji, na mtu hahami bomba kwa urahisi. Hatifungani ya mabasi ingetegemea nauli, na abiria aliyechoka kusubiri hupanda bodaboda.

Kwa hiyo siku karatasi ya namna hiyo ikiletwa sokoni, riba isomwe mwisho. Kwanza tafuta katika waraka wa matarajio ukurasa unaosema nauli itapandishwa na nani, kwa kanuni gani, na mamlaka ikikataa, tofauti italipwa na Hazina au la. Kisha tazama kama kuna mfuko wa uchakavu unaoshikwa na mdhamini wa wenye hatifungani, ambao mwendeshaji hawezi kuuchota kununulia dizeli. Ikiwa kurasa hizo mbili hazimo, hati fungani za Serikali bado zinauzwa kila mwezi.