Rapu ya Bongo: waasisi walipata jina, mapato yakapita kwingine

Kundi la rapu la Kwanza Unit lilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1993, kanda ya muziki ilikuwa na bei yake sokoni Kariakoo, lakini muziki wa kufokafoka haukuwa na soko. Mwaka huohuo sheria ilifungua mlango kwa redio binafsi. Vituo vipya vilitafuta nyimbo za vijana, na vijana walitafuta pa kusikika. Kundi likatoa Tropical Techniques mwaka 1995 na Kwanzanians mwaka 1999, likianzia kwenye mistari ya Kiingereza na kuzidi kuegemea Kiswahili.

Jina lilikua. Nani alikula faida ni ugomvi ambao haujaisha.

Muuzaji mmoja wa zamani wa kanda huko Kariakoo, ambaye hakutaka jina lake litajwe, anadai wasambazaji wamesingiziwa mno. Kwa maelezo yake, msambazaji ndiye aliyenunua kanda tupu, akachapisha majalada, akadurufu, kisha akasubiri maduka ya mikoani yalipe. Albamu ikidoda, mzigo ulimlalia stoo. Ikikubalika, nakala bandia ziliingia mtaani upesi na kushusha bei. Anasisitiza kuwa wasanii wengi walikuwa na shida ya pesa, wakaona heri kuuza masta, yaani rekodi asilia, kwa mkupuo kuliko kungoja hesabu ya kila kanda.

Idadi ya kanda alizodurufu, hata hivyo, haitaji. Wasanii wa enzi hizo wanang'ang'ania hapohapo: mwenye kudurufu ndiye aliyekuwa anahesabu, na ndiye aliyekuwa analipa.

Afisa mmoja anayeshughulikia hakimiliki anaona mambo yamenyooka. Anataja sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, kisha tozo ya asilimia 1.5 inayolenga vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Takwimu hiyo anairudia kwa kujiamini, ila inahusu makusanyo tu. Haielezi kiasi kinachomfikia aliyerekodi miaka ya 90, wala namna ya kumlipa aliyekwisha kuuza masta yake.

Waliofuata walikuta njia imeshalimwa. Albamu ya Funga Kazi ya kundi la Hard Blasters, iliyotoka mwaka 2000, ilionyesha kuwa rapu ya Kiswahili kitupu inauzika. Bongo Fleva ikaendelea kuelekea kwenye kuimba, huku pesa ikihama kutoka kanda kwenda kwenye shoo, matangazo, miito ya simu na sasa majukwaa ya intaneti.

Huko nako matumaini ni ya kupimwa. Msanii anaweza kupakia wimbo mwenyewe bila kupitia Kariakoo, lakini malipo hutegemea wingi wa wasikilizaji, na rapu inagombea masikio na singeli na amapiano. Kwa waasisi, huenda kazi za zamani zikaleta chochote iwapo masta zipo, ziko mikononi mwao na bado zinasikika vizuri. Muuzaji wa Kariakoo anasema baadhi anazo yeye, na hana mpango wa kuzirudisha bure.