Kupasha Moto Injini Bila Kupoteza Petroli

Wanachama wengi wenye magari ya kuchukulia karafuu wana desturi ya kuwasha gari alfajiri, kisha kuliacha likinguruma uani mpaka chai imalizike. Twaona yafaa kueleza hasara ya desturi hii.

Tutazame Mpanda, mkoani Katavi. Mji ule uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na asubuhi zake za Juni na Julai ni za baridi kuliko tuzijuazo Unguja na Pemba. Petroli nayo husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, hivyo bei yake hupanda. Dereva wa huko aendaye Sitalike hana budi kujua mafuta yake yanakwenda wapi.

Injini baridi hula sana kwa sababu mbili. Kwanza, petroli haigeuki mvuke vizuri, basi injini hupewa nyingi kuliko kawaida. Isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda, na vyuma husagana. Pili, oili yenyewe ni nzito.

Gari lililosimama hupata moto polepole, maana injini haifanyi kazi. Injini ndogo hula nusu lita hadi lita moja kwa saa. Dakika 10 kila siku ni saa 5 kwa mwezi, yaani lita 2 na nusu hadi 5, wala hukusogea hatua moja.

Basi fanyeni hivi:

1. Gari lisilo na kabureta lingoje nusu dakika, kisha liondoke taratibu. Lenye kabureta lingoje kidogo zaidi, na choki irudishwe mara injini itulivyo.

2. Lori lenye breki za upepo lisiondoke kabla upepo haujajaa.

3. Shughuli ndogo ndogo zifanywe kwa safari moja, injini ingali moto.

4. Msikubali fundi atoe themostati. Kifaa hiki huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto la digrii 80 au 90 hivi. Kikitolewa, injini huchelewa kupata moto kila siku. Gari likichemka, tafuteni sababu: mvujo, rejeta iliyoziba, feni au pampu. Themostati iliyokwama ibadilishwe.

5. Msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Haba na haba hujaza kibaba; na tangi pia.