Kipupwe, Rabii ya Muumini

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, apishanishaye usiku na mchana. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliufananisha msimu wa baridi na rabii ya muumini, yaani wakati wa malisho mabichi. Ibn Rajab, aliyefariki mwaka 795 Hijria, ameeleza sababu: mnyama hunenepa kwa malisho ya rabii, na muumini hustawi kwa wepesi wa ibada wakati wa baridi, kwani mchana ni mfupi kwa mwenye kufunga na usiku ni mrefu kwa mwenye kusimama.

Pengine mtu atauliza: sisi wa Pemba tuna baridi gani? Ni kweli kwamba Madina usiku wa Desemba hukaribia saa 13 na nusu, ilhali kwetu usiku wa Juni hauzidi ule wa Desemba ila kwa nusu saa hivi. Lakini tunacho kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika yamekwisha, kusi linavuma, na joto limepungua. Aliyefunga haoni kiu kali, na aliyelala mapema huamka kabla ya alfajiri mwili ukiwa umepumzika. Kulala huko nako, kwa mwenye kunuia ibada, kuna malipo.

Mwaka 2014 Ramadhani ilianza mwishoni mwa Juni, ikaangukia kipupwe chenyewe. Kwa kuwa mwaka wa Hijria hupungua kwa siku kama 11, mwaka 2025 ilianza Machi, kwenye joto. Basi kipupwe cha miaka hii ni nafasi ya kulipa kadha, khasa kwa mama zetu na dada zetu wenye deni la siku.

Na nafasi hiyo ni fupi. Karafuu zikishaiva, mchana ni kupanda mikarafuu, usiku ni kuchambua makonyo kwa taa, wazee kwa watoto, na asubuhi ni kuanika majamvini. Mwenye kadha ya siku sita, akifunga Jumatatu na Alkhamisi, huimaliza kwa wiki tatu. Aanze Jumatatu hii, kabla hajatafuta pishi na majamvi.