Sindano Iliyoingia Juu Mno

Mkono kuuma siku mbili tatu baada ya chanjo ya mafua ni kawaida, na hakuna anayedai fidia kwa hilo. Lakini Marekani kuna watu ambao bega lilianza kuwauma siku ileile, likaendelea miezi kadhaa, hata kuchana nywele au kulalia upande ule ikawa shida. Jeraha hilo madaktari wanaliita SIRVA.

Chanzo chake ni mahali sindano ilipoingia. Chini ya ncha ya mfupa wa bega, na chini ya ule msuli mnene tunaochomwa, kuna kifuko chembamba cha ute unaolainisha mwendo wa kiungo. Kifuko hicho hushuka sentimita kadhaa, hakionekani wala hakishikiki. Sindano ikiingia juu mno, dawa inaweza kuishia humo. Chanjo kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili. Ikiiamsha ndani ya kiungo, uvimbe unaweza kukaa muda mrefu. Ndiyo maana muuguzi makini hataki uvute tu kola ya shati, kwani hapo hufunuka sehemu ya juu, yenye hatari. Hutaka mkono wote uwe wazi, akapapasa ncha ya mfupa, akashuka vidole viwili au vitatu, ndipo akachoma.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilianzisha mpango wa fidia kwa wanaodhurika na chanjo, unaogharimiwa kwa ushuru: senti 75 kwa kila dozi ya chanjo ya mafua. Machi 2017 jeraha la bega liliingizwa rasmi katika jedwali la madhara yanayolipwa. Tangu hapo mdai halazimiki kuthibitisha kisayansi kwamba sindano ndiyo iliyomuumiza, mradi bega lilikuwa zima kabla, maumivu yalianza ndani ya saa 48, yako kwenye bega lililochomwa tu, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Kwa kawaida madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi sita, na dai lifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Hamshtaki muuguzi, mdaiwa ni Waziri wa Afya.

Zile saa 48 ndizo huwaponza wengi. Mtu huvumilia, hunywa dawa za maumivu, humwona daktari baada ya miezi mitatu, na faili likaandikwa “bega linauma” bila kutaja lilianza lini. Maumivu ni ya kweli, lakini dai limedhoofika.

Januari 2021 serikali iliyokuwa inaondoka ilitangaza kuliondoa jeraha hili jedwalini, ikidai kosa ni la mchomaji, si la chanjo. Hoja hiyo naikataa: dawa haiingii mwilini bila sindano, na aliyeombwa achanjwe kwa faida ya wote hakujichoma mwenyewe. Aprili mwaka huohuo tangazo lilifutwa kabla halijaanza kutumika.

Waliobaki nje ni walioumizwa bega kwa chanjo ya Uviko-19. Wao hupelekwa kwenye mpango mwingine, wenye mwaka mmoja tu wa kuomba, usiolipia maumivu wala gharama za wakili. Bunge la Marekani lina uwezo wa kuwahamishia kwenye mpango wa 1986, na lingepaswa kufanya hivyo.