Chai ya Nyumbani na Meza ya Nje: Ulaji wa Familia Mjini Bunia

Katika mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri lililomegwa kutoka jimbo la Mashariki mwaka 2015, mlo wa asubuhi haujulikani kwa jina la chakula bali kwa jina la kinywaji, kwa kuwa mwenyeji wa mji huu hasemi kwamba amekula asubuhi, husema amekunywa chai, hata kama kilichopita kinywani mwake ni uji mtupu au vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Neno chai kwa hiyo lina maana mbili: ya kwanza ni kinywaji chenyewe, na ya pili, iliyo pana zaidi, ni kila kitu ambacho nyumba hukitoa kati ya mapambazuko na saa ambayo watoto huondoka kwenda shule. Maneno "kifungua kinywa" na "staftahi" yanaeleweka kwa waliosoma, lakini ni maneno ya vitabuni zaidi kuliko ya jikoni.

Kitu cha moto kimepewa ukuu huo kwanza kwa sababu ya mahali penyewe. Bunia iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,275 hivi kutoka usawa wa bahari, takriban kilomita 30 magharibi mwa Ziwa Albert, na alfajiri yake, hasa katika miezi ya mvua, ina ubaridi ambao mgeni anayetoka bondeni kwenye joto la Kasenyi au Tchomia huuhisi mara moja. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya siku ni kuwasha mbabula, yaani jiko dogo la bati linalotumia makala, jina ambalo Waswahili wa Kongo huupa mkaa, na sufuria ya maji hutangulia sufuria nyingine zote. Inashangaza kidogo kwamba Ituri ni nchi ya kahawa, kwani nyanda za Djugu na Mahagi huzaa arabika nzuri, ilhali sehemu kubwa ya kahawa hiyo huvuka mpaka kwenda Uganda, na majani ya chai na sukari hurudi kwa njia ileile, kiasi kwamba mkulima wa kahawa anaweza kuamka kila siku akanywa chai iliyonunuliwa kwa fedha ya kahawa yake.

Vinavyoandamana na chai hutegemea mfuko wa nyumba na hali ya barabara. Mandazi hukaangwa na akina mama kabla ya jua kutoka na kuuzwa kando ya njia, na mtoto hutumwa kuyafuata akiwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani ili yasipoe. Mkate wa ngano hupasuliwa kwa urefu, na pale pasipo na siagi, ambayo ni ghali, hupakwa parachichi, tunda ambalo mjini huitwa avoka, likipondwa kwa mgongo wa kijiko pamoja na chumvi kidogo, na kusema kweli mkate wa namna hii hauikosi siagi hata kidogo. Kwa watoto wadogo hupikwa uji wa sosoma, jina lililoundwa kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majina ya Kifaransa ya mtama, soya na mahindi, mazao yanayosagwa pamoja. Viazi vitamu, muhogo, mahindi ya kuchemsha na karanga hushika zamu kulingana na msimu, na katika nyumba nyingi kinachotangulia vyote hivyo ni kiporo, yaani chakula kilicholala tangu jana, kikiwa maharage yaliyopashwa moto au ugali uliokaangwa.

Sahani hiyo ya asubuhi, ikitazamwa kwa makini, ni ramani ya jimbo zima. Maziwa hutoka hasa kwa wafugaji, ambao wengi wao ni Wahema. Muhogo, mahindi na maharage hutoka katika mashamba ya Walendu, Wabira na majirani wao wa Djugu na Irumu. Samaki wakavu hupanda kutoka ziwani, ambako Waalur ni miongoni mwa wavuvi wake wa zamani. Na ndizi za kupika huja kwa njia ya Komanda kutoka upande wa msitu. Mgawanyo huu haupaswi kukazwa kupita kiasi, kwa kuwa wako Wahema wanaolima na Walendu wanaofuga, lakini unaonyesha kwamba watu waliopigana vita vikali kati ya mwaka 1999 na 2003, na ambao maeneo yao yaliwaka tena kuanzia Desemba 2017, hawajawahi kuacha kulishana. Barabara ya taifa namba 27, inayounganisha Komanda, Bunia na Mahagi, ikifungwa kwa mashambulizi, habari hiyo hufika jikoni kabla haijafika redioni: fungu la muhogo hupungua kimo, maziwa huongezwa maji, na chai hunywewa peke yake.

Chai ya nyumbani haina mgeni rasmi wala kiti cha heshima, na hapa inatofautiana na mlo wa jioni, ambao katika nyumba nyingi za Ituri umefungwa na taratibu za nani aoshe mikono kwanza na nani apewe kipande kipi. Katika familia nyingi za CECA 20, kanisa la kiinjili lenye mizizi ya kale katika eneo hili, na katika familia za Kikatoliki zenye mtu aliyekwisha kwenda misa ya alfajiri, sala hutangulia chai. Baada ya sala kila mmoja hunywa anapokuwa tayari, mtoto akiwa amesimama na begi mgongoni, baba akiwa anatafuta kiatu, mama akiwa wa mwisho na mara nyingi akinywa kilichobaki kwenye birika. Jirani akipita hukaribishwa kwa maneno mawili tu, "Karibu chai", na wala haulizwi kama ana njaa, kwa sababu kikombe kimoja zaidi hupatikana kwa kuongeza maji. Tangu mapigano yaliporudi, nyumba nyingi za Bunia zimepokea ndugu waliokimbia vijiji vyao, na watu wanane wanapogeuka kuwa kumi na wanne, mama wa nyumba hunyamaza, akachota maji mengine na kukata kila mkate mara mbili.

Kula nje ni desturi yenye historia nyingine kabisa. Dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kilo mwaka 1903, na baadaye kampuni ya Kilo-Moto ilipokusanya maelfu ya vibarua, mtu aliyekula mbali na jiko la nyumbani alikuwa mfanyakazi wa posho, yaani mgawo wa chakula alichopewa na mwajiri, wala hakuna aliyeuona ulaji huo kuwa starehe. Meza za kulipia, zenye vitambaa na uma, zilikuwa za Wazungu. Mkongo hakuzikaribia kwa kula, na hata kadi za "ustaarabu" ambazo serikali ya Wabelgiji ilianza kuzitoa mwaka 1948 hazikumfungulia mlango huo kwa urahisi. Familia ya Kikongo kuketi pamoja katika mgahawa, baba, mama na watoto, ni jambo lililoenea baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, na umri wake kwa hiyo ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Baada ya kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kutuliza mji kati ya Juni na Septemba 2003, na askari na watumishi wa Umoja wa Mataifa kujaa mjini, biashara ya hoteli na migahawa ilichangamka na bei nyingi zikaanza kutajwa kwa dola.

Si kila mahali panapouzwa chakula ni mahali pa familia. Malewa, neno lililokuja na Kilingala, ni kibanda ambamo mama hupika sufuria chache za sombe, yaani kisamvu, maharage, wali na ugali ambao huitwa pia fufu, na wateja wake ni wachukuzi, wanafunzi na waendesha pikipiki wanaokula haraka na kuondoka. Nganda ni mahali pa wazi pa kunywea na kulia nyama, na mume anayekwenda huko peke yake mara kwa mara husemwa na majirani. Anapokwenda na mkewe na watoto Jumapili baada ya ibada, mahali ni palepale na nyama ni ileile, lakini sifa hubadilika, kwani kinachopimwa na macho ya mji ni nani ameketi na nani. Matembezi hayo hufanywa mchana. Hali ya usalama, ambayo tangu 6 Mei 2021 iliifanya serikali kuiweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi, imewazoesha wazazi kuwa nyumbani kabla ya giza.

Siku inayoonyesha desturi hii kwa ukamilifu ni 1 Agosti, Siku ya Wazazi, ambayo ni sikukuu ya taifa nchini Kongo. Asubuhi yake ni ya wafu: familia hunywa chai mapema na kwenda makaburini na majembe na mafagio, hung'oa majani, husimamisha misalaba iliyoinama, kisha hurudi kuoga. Mchana ni wa wazazi walio hai, na watoto wenye kipato huwaalika kula, nyumbani au nje, katika tendo linalogeuza mpangilio wa kila siku, kwa kuwa aliyelishwa ndiye anayelisha. Neno kualika lina uzito wake hapa: anayealika ndiye anayelipa, na mzazi akijaribu kutoa fedha humvunjia mwanawe heshima mbele ya watu. Kijana aliyefaulu mtihani wa taifa naye hupelekwa kula, nywele zikiwa bado nyeupe kwa poda ambayo wenzake wamemmwagia kwa shangwe, kama ilivyo kawaida kote Kongo.

Mezani familia hufika na taratibu zake. Mikono huoshwa mlangoni kwenye ndoo yenye bomba, chombo kilichozoeleka zaidi wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 uliozikumba Kivu Kaskazini na Ituri, na ambacho kimechukua nafasi ya mtoto aliyekuwa akimmiminia mkubwa maji kwa birika. Baba huagiza, baada ya mama kumwambia polepole cha kuagiza. Watoto hupewa sukre, jina la Kikongo la soda yoyote lililotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kitamu, na chupa moja hugawanywa kwa wawili wadogo chini ya usimamizi wa yaya, yaani ndugu mkubwa, anayelinganisha vikombe kwa kuinama hadi macho yake yawe sawa na usawa wa soda. Kuku ndiye anayeleta utata. Nyumbani firigisi lake ni la baba, jambo lisilojadiliwa. Mgahawani kuku huletwa kwa vipande bila firigisi, na wazee wengine hulihesabu hilo kuwa upungufu wa kweli ambao pilipili haiwezi kuufidia.

Kabla ya kuondoka huagizwa michopo ya kubeba, yaani nyama ya mbuzi iliyochomwa na kukatwakatwa, ikachanganywa na vitunguu, chumvi na pilipili na kufungwa katika karatasi, kwa ajili ya bibi, mlinzi wa nyumba na yeyote aliyebaki, kwa sababu kurudi mikono mitupu kwa waliobaki ni aibu kubwa kuliko kutotoka kabisa. Bibi hula vipande vichache, husema meno hayamruhusu, hufunga tena karatasi na kuiweka juu ya kabati. Kesho yake, mbabula ikishawaka, nyama hiyo hupashwa moto na kutiwa katikati ya mkate, na watoto huiita chai.