Sentro Loki Ikigoma, Tuanzie Wapi?

Bila shaka umewahi kumwona dereva akibonyeza swichi moja tu na milango yote minne ikajifunga kwa mlio mmoja, kra! Mafundi wetu wa jua kali huuita mfumo huo sentro loki. Ukiwa mzima hakuna anayeukumbuka. Ukigoma, basi taabu huanza.

Nitaueleza kwa kutumia gari la mjomba wangu, saluni ya Kijapani anayoifanyia teksi jijini Nairobi. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikataa kujifunga pamoja na wenzake. Utasema ni jambo dogo. Hasha! Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hivyo mlango huo ndio ulio karibu na wapita njia, na ndipo abiria wengi hukaa. Jioni moja kwenye msongamano wa magari, kijana mmoja aliufungua, akamnyakulia mama wa watu mkoba na kutokomea. Mama huyo alikuwa mteja wa kila siku. Hakupanda tena. Mjomba alipolipeleka gari kwa fundi, aliambiwa mfumo mzima ubadilishwe, tena kwa bei iliyokaribia karo yangu ya muhula.

"Mjomba, tusinunue kitu kabla ya kujua kilichokufa," nikamwambia.

"Haya basi, mpwa wangu, tuone hiyo fizikia yenu," akajibu huku akicheka.

Mfumo wenyewe si uchawi. Ndani ya mlango mna mota ndogo ya volti 12 inayosukuma na kuvuta komeo. Umeme ukipita upande huu, komeo hufunga. Ukigeuzwa upite upande wa pili, komeo hufungua. Kinachougeuza ni kisanduku ambacho mafundi wengi hukiita rilei, nacho hupokea amri kutoka kwa swichi ya dereva. Umeme huo huja kwa kitambo kifupi tu, kama kufumba na kufumbua, kisha hukatika.

Ukishaelewa hayo, nusu ya kazi imekwisha. Milango yote ikiwa kimya, tazama fyuzi kwanza, kisha rilei na swichi ya dereva. (Fyuzi ikiungua, tia nyingine ya ampea zile zile. Wako wanaoizungushia karatasi ya pakiti ya sigara! Hao wanatafuta moto, maana sasa kitakachoungua ni waya.) Rimoti ikikataa lakini swichi inafunga, badilisha betri ya rimoti kabla ya kumsumbua mtu. Lakini mlango mmoja ukigoma na mitatu inatii, basi fyuzi na rilei zinafanya kazi yao. Ndiyo maana ushauri wa yule fundi haukuniingia akilini hata kidogo.

Tulianza na mkono. Nilikisukuma na kukivuta kijiti cha komeo, kilikwenda laini. Kingekuwa kigumu, dawa ingekuwa kusafisha na kutia grisi, wala umeme usingehusika. Kisha tukapandisha kioo hadi juu, tukafungua skrubu zilizofichwa nyuma ya mshikio, na kulibandua kava la mlango polepole, klipu moja baada ya nyingine. Ukilivuta kwa hasira klipu zote zitavunjika. Katika magari ya siku hizi yenye mifuko ya hewa ubavuni, tenganisha betri kwanza ungoje kidogo kabla ya kugusa chochote.

Nilichomoa plagi ya mota, nikaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili zenye fyuzi. Niligusisha mara moja tu, kwani kushikilia huichoma. Tak! Ikafunga. Nikageuza nyaya, ikafungua. Mota nzima! Hapo nikaunganisha balbu ndogo ya volti 12 kwenye plagi ile na mjomba akabonyeza swichi yake. Giza. Mimi naipenda balbu kuliko mita ya umeme katika kazi hii, kwa sababu mita inaweza kuonyesha volti 12 hata muungano ukiwa mbovu kiasi cha kutopitisha umeme wa kutosha. Balbu haidanganyiki kwa urahisi hivyo, muungano kama huo hautaiwasha vizuri.

Basi umeme ulikuwa ukipotea njiani. Wapi? Kati ya mlango na mwili wa gari pana bomba la mpira lenye mikunjo, na nyaya hupita humo. Kila mlango unapofunguliwa, nyaya hujikunja. Katika teksi, mlango wa nyuma wa kushoto hufunguliwa mchana kutwa! Nililichomoa bomba, nikaivuta nyaya moja moja kwa vidole. Mmoja ulirefuka kama ulimbo: ganda zima, shaba ndani imekatika. Na kwa kuwa umeme hupita kwenye nyaya zote mbili za mota, mmoja ukikatika mlango haufungi wala haufungui.

Hatukuziunga ncha pale pale penye mkunjo, maana pangekatika tena. Tulitia kipande cha waya mpya wenye unene ule ule, maungio yakakaa nje ya mkunjo pande zote mbili, tukayatia lehemu na kuyafunga kwa tepu ya umeme. Balbu ikamweka. Tukarudisha plagi, kisha ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya kava. Mafundi wengi huitupa, na maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango hupenya hadi kwenye kava na viti.

Gharama yote ilikuwa waya, tepu na lehemu kidogo. Mjomba amebonyeza swichi yake mara ishirini hivi, nayo milango minne inalia kra kwa pamoja. Jumamosi ijayo tutachungulia bomba la mpira la mlango wake mwenyewe. Huo nao haupumziki, na nyaya zake ni nyingi zaidi.